Zimwi la Kwenye Kanda Mnalifungia, la Mtaani Mnaliacha

Makamanda, juzi kwenye grupu letu la WhatsApp mtu alitupia Bastard, mikstepu ya rap ya kutisha ya Mmarekani Tyler, The Creator. Hazikupita dakika kumi, kamanda mmoja ninayemheshimu sana akaandika: "Tukishika dola, uchafu kama huu marufuku." Madole gumba yakamiminika. La kwangu halikuwemo. Naomba nieleze kwa nini.

Nikiri kwanza: kanda hii inakera. Tyler aliitoa bure mtandaoni Desemba 2009, akiwa na miaka 18. Ni hadithi ya kijana aliyetelekezwa na baba yake, amekaa mbele ya mshauri aitwaye Dr. TC, anatapika kila kilichomo kichwani: kuua, kubaka, kutaka kujiua. Na huyo Dr. TC ni Tyler mwenyewe, sauti kaizamisha tu. Yaani kijana anaongea peke yake. Kuna nyimbo nilizima kabla hazijafika katikati. Mimi ni mwanamke. Sihitaji kufundishwa kwamba kubaka si mzaha.

Sasa oneni dola ilivyofanya. Agosti 2015, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, chini ya Theresa May, ilimzuia Tyler kuingia nchini humo kwa sababu ya mashairi ya kanda hii na ya Goblin, albamu ya 2011. Alishatumbuiza huko mara kadhaa kabla ya hapo. Hakuna kesi, hakuna shahidi, barua tu. Na barua yenyewe ilikiri kwamba anayesema humo ni mhusika wa kubuni, mtu asiye sawa kichwani. Walijua! Wakamfungia mlango mtunzi kwa dhambi za mhusika wake.

Darasani tunafundishwa kwamba jinai inataka tendo na nia. Mhusika wa kwenye kanda ana tendo gani? Mwaka 2014, Mahakama ya Juu ya New Jersey iliamua kesi ya State v. Skinner, ambapo baraza la waamuzi lilisomewa kurasa 13 za mashairi ya rap ya mshtakiwa. Majaji walikataa ushahidi huo na kumpa haki ya kusikilizwa upya. Wakakumbusha kwamba hakuna anayeamini Bob Marley alimpiga risasi sherifu wa kweli kwa kuwa tu aliimba hivyo.

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Haya, turudi nyumbani. Rosa Mistika ya Kezilahabi, riwaya ya 1971, ilipigwa marufuku mashuleni eti inaharibu maadili. Baadaye ikaja kusomwa mashuleni humohumo. Machi 2017, Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake "Wapo". Akaachiwa kwa sababu Rais Magufuli alisema wimbo hauna tatizo na anaupenda. Watu walishangilia. Mimi hadi leo nauliza: na kama asingeupenda? Ibara ya 18 ya Katiba haisemi tuna uhuru wa maoni mpaka mkubwa aburudike. Uhuru wa namna hiyo ni fadhila, na fadhila hunyang'anywa asubuhi.

Ndiyo maana kauli ya kamanda wangu imeniuma kuliko ya mpinzani. Kwani sisi tunataka kuondoa rungu, au tunasubiri zamu ya kulishika?

"Lakini tunawalinda nyinyi wanawake," wananiambia. Asanteni, ila hapana. Mwaka jana nilimsindikiza rafiki yangu kituo cha polisi (ameniruhusu niandike hili). Swali la kwanza aliloulizwa: ulikuwa umevaa nini? La pili: una uhakika unataka kumharibia kijana wa watu maisha? Aliyemuumiza hakuwa mhusika wa kwenye kanda. Alikuwa jirani, mpole, anaimba kwaya. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Waulizeni mabinti kama ni kweli. Tukifuta kila wimbo mchafu leo usiku, kesho dawati lile litauliza swali lilelile.

Sisemi kila kitu kiruhusiwe. Msanii akimtaja mtu halisi na kuwahimiza watu wakamdhuru, hapo yumo ndani ya jinai, apelekwe mahakamani, ushahidi utolewe hadharani, ajitetee. Kanda kama hii isiuzwe kwa watoto. Na anayeichukia aichambue, aisute, aizime. Mimi nimeizima, na wala sikuhitaji waziri.

Kwa hiyo kamanda, nakuomba ufute ile sentensi yako. Kama tutashika dola, ahadi yetu ya kwanza kwa wasanii iwe kwamba hakuna atakayelala rumande kwa maneno ya mhusika aliyembuni, hata mhusika huyo akitutukana sisi. Na ahadi ya kwanza kwa mabinti iwe dawati ambalo swali lake la kwanza ni: pole dada, umeumia wapi?

Nipo kwenye grupu. Anayebisha aje na hoja, asije na dole gumba.