Tupige Goti Kando ya Majeruhi

Sisi ni wauguzi, madereva wa magari ya wagonjwa na wazimamoto tunaozungumza Kiswahili mjini Minneapolis na viunga vyake. Wengine tulitoka Kisii, wengine Bukavu, wengine tumezaliwa hapa hapa. Leo tunaanzisha harakati, na sababu yake tunaitaja bila kumung'unya maneno.

Mei 25, 2020, kwenye kona ya Mtaa wa 38 na Barabara ya Chicago, askari alimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti dakika 9 na sekunde 29. Mzimamoto Genevieve Hansen alikuwa akipita zake, siku yake ya mapumziko. Akaomba ampime mapigo ya moyo, akakatazwa. Mwaka uliofuata alitoa ushahidi mahakamani huku akilia. Machozi yale tunayajua: ujuzi unao mikononi, mgonjwa yuko mbele yako, na umezuiwa kumgusa.

Maandamano ya kupinga kifo cha Floyd yalipojaa mitaani, nasi tulikuwa zamu. Tulifuata utaratibu: subiri polisi waseme pako salama, ingia, beba, ondoka. Utaratibu huo una maana yake, kwa kuwa mhudumu aliyejeruhiwa hamsaidii mtu. Lakini aliyetoka kupigwa bomu la machozi akiona gari letu linafuata msafara wa polisi, hana namna ya kujua kwamba sisi ni watu wengine. Usiku mmoja tulimpakia kijana aliyepasuka kichwa. Mama yake akashika ukingo wa mlango: "Mnampeleka wapi?" Hatukumjibu. Mmoja wetu aliubandua mkono wake, kidole kimoja kimoja, tukafunga. Kijana alipona. Sisi tumebaki na mkono ule.

Tunachotaka ni hiki. Mhudumu akifika apige goti, macho yake yalingane na ya majeruhi, ajitaje jina na aseme pole. Lugha yetu imetupa neno ambalo halimuulizi mtu kosa lake kabla ya kumwonea uchungu. Tutatafuta la kufanana nalo kwa kila jirani tunayemhudumia. Mhudumu aeleze anachofanya kabla ya kugusa. Asimuulize mtu alifuata nini maandamanoni. Hospitali anayokwenda aitaje kwa sauti, ndugu asikie, na jirani asikie.

Na dawa isigeuzwe pingu. Mwaka 2019 huko Aurora, Colorado, Elijah McClain alidungwa miligramu 500 za ketamini, kipimo cha mtu mzito kuliko yeye, akiwa tayari ameshikiliwa na polisi. Alifariki siku chache baadaye. Mwaka 2023 wahudumu wawili wa afya walitiwa hatiani. Polisi akisema mtu huyu amepagawa, hayo ni maneno ya polisi. Mhudumu ampime mwenyewe, azungumze naye, asikilize pumzi yake.

Watakaotuambia kwamba huruma ni pambo la kazi hii, tutawapeleka Pittsburgh. Kabla ya 1967, wagonjwa wengi wa pale walibebwa na magari ya polisi, wakaazi Weusi wa Hill District wakiwemo. Ndipo ikaanzishwa Freedom House: vijana Weusi wa mtaa huohuo wakafundishwa tiba ya dharura kwa mpango wa Dkt. Peter Safar, wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza Marekani kumtibu mgonjwa ndani ya gari badala ya kumbeba tu. Jiji lilikatisha huduma yao mwaka 1975. Sare tunazovaa zina deni kwao.

Hatudai mhudumu abebe bango akiwa zamu. Tunadai mwandamanaji ahudumiwe kama mtoto wa mtu.

Tutakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, asubuhi, ili aliyetoka zamu ya usiku naye awepo. Kikao cha kwanza ni cha kuosha macho yaliyoingia gesi: maji safi, maziwa hapana, kichwa kiinamishwe upande, maji yatiririke kutoka pembe ya jicho iliyo upande wa pua kuelekea sikioni, na anayeoshwa aambiwe kila hatua kabla haijafika.