MATOKEO YA KIDATO CHA NNE HUANZA MAPEMA

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu hudhani matokeo ya Kidato cha Nne huamuliwa na mtihani wa Novemba peke yake. Sivyo. Baraza la Mitihani la Tanzania huchukua alama 30 katika upimaji endelevu, ukiwemo upimaji wa Kidato cha Pili na mitihani ya shule, na 70 katika mtihani wa mwisho.

Tupige hesabu. Daraja A huanzia 75. Aliyekusanya 24 kati ya 30 anahitaji 51 tu kwenye mtihani. Aliyecheza akaja na 10 anahitaji 65 kati ya 70!

Kukesha kwa dua siku ya kuamkia mtihani ni jambo jema, lakini mkulima huomba mvua akiwa ameshalima. Nanyi wazazi wetu, msingoje matokeo ndipo muulize. Ombeni daftari leo.

Dini yetu imetufundisha kupenda amali yenye kudumu, hata ikiwa ndogo. Masomo nayo ni hivyo hivyo.