Tajiri wa Benki na Twiga wa Soy

Watoto wa Donholm, mjini Nairobi, wapelekwapo Lang'ata na walimu wao, hulisha twiga kwa mikono. Twiga wale ni weupe chini ya magoti, mfano wa mtu aliyevaa soksi, na Wazungu waliwapa jina la Rothschild. Mtoto akiuliza huyo Rothschild alikuwa nani, si kila mzazi awezaye kumjibu.

Walter Rothschild alizaliwa London mwaka 1868, katika ukoo uliokopesha fedha wafalme na serikali. Baba yake alimtaka awe mtu wa benki, naye akaingia kazini mwaka 1889. Walakini kazi ile hakuipenda wala hakuiweza, akaiacha mwaka 1908. Katika Bunge la Uingereza alikaa tangu 1899 hata 1910, akiwa mjumbe wa Aylesbury, lakini alikuwa mwenye haya na ulimi mzito. Moyo wake wote ulikuwa kwa wanyama. Huko Tring alijenga nyumba ya makumbusho, ikafunguliwa mwaka 1892, akakusanya humo vipepeo na nondo zaidi ya 2,000,000 na ngozi za ndege kama 300,000. Tena alifunga punda milia katika gari lake, akaliendesha hadi jumba la kifalme! Mwaka 1903 mtaalamu Lydekker akampa twiga wa pande za Baringo jina la tajiri huyo.

Mwaka uo huo serikali ya Uingereza, Balfour akiwa Waziri Mkuu, ilikusudia kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi nchi ya Uasin Gishu, ambayo pia ilikuwa malisho ya twiga wa namna ile ile. Wanandi na jirani zao hawakuombwa shauri. Mkutano wa Wazayuni huko Basel ulikataa zawadi hiyo mwaka 1905. Kisha, tarehe 2 Novemba 1917, Balfour, sasa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alimwandikia Rothschild barua fupi ya kuunga mkono makao ya Wayahudi katika Palestina. Barua ile ingali yagombaniwa hata leo.

Uasin Gishu nayo haikubaki kwa wenyewe. Walikuja walowezi wengine wakalima, na twiga wakasongwa hata katika miaka ya 1970 likasalia kundi dogo huko Soy. Ndipo wengine walipochukuliwa Lang'ata na Nakuru ili mbegu yao isipotee.

Rothschild alikuwa ameuza ndege zake wengi kwa Wamarekani mwaka 1932, kwa kubanwa na fedha, yeye mwana wa benki. Akafa mwaka 1937. Siku hizi wataalamu wengi humhesabu twiga wake kuwa ni yule yule wa Nubia, na jina la Rothschild laanza kufutika. Watu wa Donholm hawatastaajabu sana, kwani barabara iwaletayo kutoka mjini iliitwa Doonholm zamani, na sasa ni Jogoo.