Kipimo Kitangulie Kisu

Mwezi wa Oktoba 2023 kilifunguliwa rasmi huko Masaka, mjini Kigali, kituo cha IRCAD Africa, kinachowafundisha madaktari upasuaji wa kupitia matundu madogo. Ni kwa njia hiyo hiyo mfuko wa chakula wa mtu aliyenenepa kupita kiasi hupunguzwa. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Lakini kabla ya kisu, hatuna budi kuuliza unene huo umetoka wapi.

Aghalabu hutokana na chakula kingi na mazoezi haba. Wapo, hata hivyo, wachache waliovurugwa na homoni. Tezi ya shingo ikilegea, uzito huongezeka kidogo, na kidonge cha kila siku huirekebisha hali hiyo. La kutisha zaidi ni maradhi aliyoyaeleza kwa kirefu daktari Mmarekani, Harvey Cushing, mwaka 1932. Homoni ya kortisoli ikizidi, uso huviringana, tumbo hutuna, na misuli ya mapaja hudhoofu hata askari akichuchumaa asiweze kuinuka. Kamanda asiyejua humwita mvivu na kumzidishia mbio. Daktari asiyepima humpunguza tumbo, na uvimbe ulio chini ya ubongo au juu ya figo ukabaki pale pale.

Mwongozo wa wataalamu wa homoni wa Ulaya wa mwaka 2020 hautaki kila mnene apimwe kila kitu, nasi twaafiki. Tezi ya shingo ipimwe kwa wote. Kortisoli kwa wenye dalili, na ifikiriwe kwa wanaokwenda kupasuliwa. Kipimo chenyewe ni chepesi: kidonge cha deksamethasoni cha miligramu 1 saa tano usiku, kisha damu hutolewa saa mbili asubuhi.

Liko jambo linalowahusu polisi hasa. Mwishoni mwa mwaka 2018 waliingia madukani kunasa vipodozi vya kuchubua ngozi. Baadhi ya mikorogo huwa na steroidi kali ambazo, zikipakwa kwa miezi mingi, huleta dalili zile zile. Na hali kadhalika vidonge vya prednisoloni vinavyomezwa kiholela kutuliza magoti. Mtu wa namna hiyo akiviacha ghafla, au akipasuliwa bila daktari kuarifiwa, msukumo wa damu waweza kuporomoka akafa. Kwa hiyo askari aulizwe anapaka nini na anameza nini, naye yampasa aseme kweli, hata kama krimu yenyewe ni miongoni mwa zile alizotumwa kuzikamata.