Safari ya Nzuani Yataka Matayarisho

Wanachama kadhaa wametuuliza habari za kwenda Komoro kuona mikarafuu ya wenzetu, na sisi twaona ni fikra njema. Wakomoro, pamoja na watu wa Indonesia na Madagaska, ndio tunaokutana nao katika soko la karafuu, na mkulima hapotezi kitu kwa kumtazama mwenziwe akichuma na kuanika. Lakini wengi huichukulia safari hii kwa wepesi, kwa kuwa Wangazija ni majirani na wakwe zetu tangu zamani, dini ni moja na lugha zakaribiana. Huko kukaribiana ndiko kumponzako mgeni.

Chukua neno marahaba. Kwetu mkubwa huitikia shikamoo kwa neno hilo. Kwao maana yake ni ahsante. Hilo ni dogo, mtacheka na yatakwisha. Kubwa ni karatasi. Mazungumzo ya sokoni mtaelewana, lakini risiti, mkataba na fomu za forodha, ambayo huko huandikwa douane, huwa kwa Kifaransa. Na katika hesabu za Kifaransa mkato hukaa pale sisi tuwekapo nukta. Ukiona 2,500 kg, hizo ni kilo mbili na nusu, si elfu mbili na mia tano. Asiyesoma Kifaransa asitie saini yake mpaka apate mtu wa kumsomea, na mtu huyo asiwe yule yule anayefanya naye biashara.

Fedha yao ni faranga ya Komoro, na yuro moja ni kama faranga 492. Chukua yuro taslimu. Usitegemee kuvunja shilingi zetu huko. Na magari yao hupita upande wa kulia, kwa hivyo tazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka.

Ndege ya kutoka Dar es Salaam hutua Hahaya, katika kisiwa cha Ngazija. Mikarafuu mingi iko Nzuani, ambayo katika tiketi huitwa Anjouan, na kufika huko yataka chombo au ndege ndogo mpaka upande wa Mutsamudu. Bahari haina ahadi, khasa wakati wa kusi. Basi weka siku mbili tatu za akiba kabla ya ndege ya kurudia.

Ukifika, usiishie kwenye majamvi ya karafuu. Nenda ukaone matanuri ya mafuta ya langilangi, kisha uulize kuni zinatoka wapi. Vilima vya Nzuani vimekatwa miti kwa mashamba na kwa kuni, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima siku hizi hukauka. Sisi wenye mashamba ya mabondeni yatupasa kuyaona hayo kwa macho yetu.

Mzigoni usitie mche, mbegu wala udongo, kwa kwenda wala kwa kurudi. Wazee wanakumbuka ugonjwa wa kufa ghafla ulivyoifyeka mikarafuu yetu katika karne iliyopita. Na karafuu zenyewe, hata ziwe za kuonyesha tu, usizitoe bila ya kibali. Afisa wa forodha hana njia ya kujua kuwa wewe si mtu wa magendo.

Limebaki la Maore, au Mayotte, na hapa tunasema na vijana. Kisiwa hicho kiko kiasi cha kilomita 70 tu kutoka Nzuani, na watu wa mashua ndogo ziitwazo kwassa-kwassa watakwambia ni safari ya usiku mmoja. Komoro ilipotwaa uhuru mwaka 1975, Maore ilibaki kwa Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa wa Ufaransa kamili. Serikali ya Komoro inadai ni ardhi yake, na mgeni ni bora asilitie mdomo jambo hilo barazani. Tangu 1995 hata mtu wa Nzuani hawezi kwenda huko bila ya visa, ndiyo maana watu hupanda mashua hizo, nazo hujazwa kupita kiasi na kuzama, na waliokufa katika mkono huo wa bahari ni wengi mno. Visa ya Moroni haikuingizi Mamoudzou. Mwenye haja ya kweli huko na aombe visa ya Ufaransa kabla hajaondoka nyumbani, na akinyimwa, atazame mikarafuu ya Nzuani kisha arudi kwa njia aliyoendea.