Makaburi ya Wakonde Yanalimwa Maharagwe

Sisi watu wa Bwisha tunapenda sana kusema: "Udongo huu ni wa babu zetu." Vizuri. Lakini hao babu wamelala wapi? Hapo wengi wetu tunanyamaza.

Tukumbuke ubukonde. Mtu aliyekata pori wa kwanza, akalima na kujenga, ndiye mukonde. Waliokuja nyuma walimwomba yeye shamba, na wakati wa mavuno walimletea fungu lake. Hapakuwa na karatasi. Mukonde alipokufa, alizikwa pale pale kwake, katikati ya migomba, na kaburi lake likawa ndiyo karatasi.

Leo, kutoka Rugari mpaka Rumangabo, karatasi hiyo tunaifuta sisi wenyewe kwa jembe. Mawe ya kaburi yanaondolewa, maharagwe yanapandwa juu. Wengine wanauzisha kiwanja pamoja na mifupa ya babu ndani, na mnunuzi haambiwi kitu.

Watasema: ni vita. Kweli, tulikimbia mwaka 1996, 2008, 2012, tena 2022. Hatumlaumu mtu aliyekimbia na watoto mgongoni. Lakini kati ya vita na vita tulirudi, tukalima, tukajenga. Kwa nini kaburi tu ndilo lilikosa siku yake?

Wengine watasema: kutunza makaburi ni upagani. Wasome Mwanzo, sura ya 23. Ibrahimu alilipa shekeli 400 za feza apate mahali pa kumzika Sara. Shamba lake la kwanza katika Kanaani lilikuwa kaburi!

Wageni hawatusubiri. Carl Akeley, Mmarekani, alifariki Novemba 1926 kwenye mlima Mikeno, akazikwa Kabara. Mpaka leo vitabu vinaonyesha mahali pake. Sokwe waliouawa Julai 2007 walizikwa hapa Rumangabo, na makaburi yao yakawekwa vibao vya majina. Hatuwaonei wivu sokwe. Tunauliza tu: mukonde wetu, kibao chake kiko wapi?

Jambo hili si la huruma tu. Sheria ya 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo ni mali ya Serikali. Kwa udongo wa desturi, iliahidi ordonansi ya Rais, na miaka makumi ikapita bila kuiona. Asiye na hati anabaki na mashahidi wawili: wazee na makaburi. Wazee wanakufa. Makaburi tunayalima.

Basi kila jamaa ichague kijana mmoja na kayee moja. Aandike jina la aliyezikwa, mahali penyewe, majirani wa shamba. Wazee watie sahihi, na kopi ibaki kwa chefu wa lokalite. Anayeuzisha kiwanja aandike kaburi katika mapatano, kwamba halikuuzwa. Na siku ya kupalilia migomba, tupalilie kaburi pia. Hiyo haiombi msaada wa shirika lolote.

Tusipofanya hivyo, watoto wetu wakiulizwa kesho nani alikata pori hili, watajibu nini?