Nia na Makisio

Wako wanavyuoni wasemao siku hizi kwamba roboti huelewa nia ya mtu, na mtu huelewa nia ya roboti. Husema kwa wepesi, kana kwamba neno nia limeokotwa njiani wala halina mwenyewe. Nia ni azma ya moyo, na kwayo tendo huhesabiwa jema au ovu. Afungaye pasipo nia ameshinda njaa tu. Mashine ipimayo mwendo wa mtu ina neno lake, nalo ni kukisia.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, nchini Marekani, mwanamke mmoja alivuka barabara akikokota baiskeli. Gari la majaribio la Uber, ambalo ni roboti yenye magurudumu, lilikuwa likijiendesha, na vifaa vyake vilimgundua sekunde 5.6 kabla ya kumgonga na kumwua. Mara lilimwita gari, mara kitu kingine, mara baiskeli. Na kila lilipombadilisha jina lilisahau alikotoka, likaanza hesabu upya. Asahauye mtu alikotoka atajuaje aendako? Tena, kama wachunguzi wa serikali walivyoeleza mwaka 2019, programu ile haikuandaliwa kumfikiria mtu avukaye mahali pasipo kivuko. (Ni mji gani usio na watu wa namna hiyo?)

Watetezi watasema gari lilikosea kusoma nia yake. Halikukosea, kwa kuwa halikusoma kitu. Waliokosea ni watu, waliokaa kitako wakaiandika programu bila ya kumwekea nafasi. Wala upande wa pili haukuwa na maelewano: mlinzi wa usalama aliyekaa kitini alikuwa akitazama simu, akilitegemea gari, na gari, ambalo breki zake za dharura zilizotoka kiwandani zilizimwa lijiendeshapo, lilimtegemea yeye.

Hapo ndipo usemi ule unapodhuru. Chuma kikisifiwa kwa kuelewa, kitalaumiwa pia kwa kutoelewa, na mwenye chuma atakaa kando. Mwaka 2019 waendesha mashtaka hawakuona msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mlinzi alishtakiwa mwaka 2020. Mwaka 2023 akakiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3. Waliozima breki hawakufikishwa mahakamani.